Fundo la Mpira

Tulikwenda pale kwa kikao cha harusi, si kwa muziki.
Hoteli mpya, Capri Point, ziwa chini yake limetulia kama supu iliyopoa,
mwenyekiti anasoma ahadi, mweka hazina anakohoa,
na baba mdogo Lutonja, aliyekuja kwa sababu nilimwambia kuna sato,
ameacha kula.

Anatazama ukutani, juu ya chupa.
Wameitundika kwa misumari miwili, mdomo chini,
na kibao cha shaba: TARUMBETA LA KALE.

"Mbuke," akasema, "ile ni alto."

Basi nikajua. Sisi tulikulia ndani ya hadithi yake
kama watoto wa jirani na mashine ya kusaga: husikii tena.
Mizani Jazz, wana Robota, bendi ya chama cha pamba.
Vyombo mali ya chama, daftari moja
na magunia, kamba, turubai, na mizani yenyewe.
Jumamosi unatia saini. Jumatatu unairudisha stoo,
na karani Budodi anahesabu vitufe
kana kwamba umekula kimoja.

Miaka kumi na mmoja alipuliza kisicho chake.
Magu, Geita, Nansio,
usiku ule wadudu wa ziwa walipokuja kama moshi wakaivamia taa
akapiga amefumba macho, akimeza.
Walipanda treni kwenda Dar kurekodi.
Fundi mitambo akasema wimbo ni mrefu, punguzeni,
na kilichopunguzwa ni yeye.
Stesheni ya Tabora, Masunga kiongozi akamnunulia chai ya maziwa.
Hawakulizungumza tena.

Kisha kitufe kikalegea.
Akaandika barua kuomba spea; chama kikajibu
fungu lililopo ni la dawa ya pamba.
Akakata tyubu ya baiskeli, akafunga fundo.
Tangu hapo noti ile ilifika imechelewa kidogo,
na wacheza dansi wa Mabatini wakajifunza kuingoja,
mguu hewani,
wakauita mtindo.

Chama kilipokufa alikuja dalali.
Baba mdogo alikuwa na elfu sita na saa ya mkononi.
Iliuzwa fungu moja na turubai,
kwa mtu aliyetaka turubai.

Yaliyofuata ni mafupi:
kiwanda cha minofu, Igogo, buti nyeupe, baridi ya kwenye mifupa,
miaka kumi na tisa anapima sangara,
meno ya mbele mawili, kisha la tatu.
Harusini walipopiga nyimbo za zamani
alitoka nje kuangalia gari la nani limeziba njia.

"Tazama," ananiambia sasa, "chini ya kidole cha pete."
Nikatazama. Lipo.
Jeusi, limepasukapasuka, limeshika.

Mwenyekiti akamuuliza ahadi yake.
"Elfu thelathini," akasema bila kugeuka.
Mhudumu akaja: mzee, nikuongezee nini?
"Mwambie tajiri wako ile si tarumbeta.
Na aigeuze. Chombo hakitundikwi kama mbuzi."

Tulirudi kwa bodaboda, mshikaki,
mimi katikati, yeye nyuma yangu, mikono mabegani mwangu.
Tulipoupita mzunguko wa samaki vidole vikaanza.
Nilidhani ni baridi.
Kisha nikahisi mpangilio, kushoto juu, kulia chini,
vikibonya, vikiachia, vikibonya mfupa wangu wa bega
hadi Mabatini, bila sauti, dereva hajui kitu.
Wimbo sikuujua. Pengine ni ile sehemu iliyokatwa.

Ila kidole kimoja, cha pete,
kila mara kilichelewa.
Nami, juu ya pikipiki, nikajikuta
nakingoja.